Vidonge vya Katekista

Kwetu Luberizi, tangu vita vianze, aliyepika ndiye anayeonja kwanza. Anayemimina pombe ndiye anayemeza funda la kwanza. Zamani hiyo ilikuwa adabu. Sasa ni uchunguzi wa sumu.

Mimi ni Libérate, mke wa Nizigama, katekista. Nilikuwa naonja kila kitu: ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa ndagala, hata maji. Mama mkwe wangu, Concilie, alikaa karibu na mafiga akiangalia koo langu.

"Meza," aliniambia. "Usifiche mu shavu."

Mume wangu hakuwa mgonjwa hapo mwanzo. Alikuwa mtu asiyelala, basi. Padri alikuwa amekimbia, na wafu walikuwa wengi. Nizigama ndiye aliyewazika, majirani na watoto wao. Tangu hapo, kila akifumba macho aliwaona.

Mtu mmoja aliyeuza sabuni kwa baiskeli alimletea vidonge vya usingizi kutoka sokoni Uvira. Mara ya kwanza alimeza nusu, akalala kama mtoto. Baadaye nusu haikutosha. Baadaye kimoja hakikutosha. Mwishowe alimeza asubuhi pia, ili mikono itulie.

Jumapili aliwafokea vijana waliovuta bangi. Nikamuuliza nyumbani, "Na ile yako?"

"Hii ni dawa, Libérate. Inatoka mu hospitali. Bangi inatoka mu shamba."

"Mihogo pia inatoka mu shamba."

Hakucheka. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, hasa mama yake. Nikaapa.

Kisha mapigano yakarudi kwenye barabara ya Uvira. Hakuna lori lililopita, wala baiskeli. Vidonge vikaisha.

Nizigama akaanza kutoka jasho wakati wa baridi. Kikombe kilimwanguka mkononi. Aliona askari ukutani, pale palipotundikwa kikapu tu. Kila sauti ilimshtua.

"Mwanangu amelishwa karuho," alisema Concilie. Karuho ndiyo sumu inayoua polepole. Kwetu ukilitaja neno hilo, watu wote humtazama mke.

"Mama, minye nakula sufuria moja na yeye," nilimjibu. "Juu ya nini minye niko mzima?"

"Njo maana nakuogopa. Iko dawa unakunywa ya kujikinga."

Nikiugua, nina hatia. Nikibaki mzima, nina hatia zaidi.

Asubuhi moja Nizigama alianguka uani. Mwili ulikakamaa, ukatikisika, povu likamtoka mdomoni. Alipotulia, kaka yake Ndihokubwayo alileta machela. Alitaka kumpeleka kwa mtu mmoja wa ng'ambo ya mashamba ya mpunga, anayewatapisha watu sumu.

"Weye utabaki hapa," aliniambia. "Tukirudi tutazungumuza."

Nilijua mazungumzo ya namna hiyo huishaje. Jirani mmoja alizungumzishwa hivyo, na nyumba yake ikabaki majivu.

Nikatoka mbio. Nyuma yangu nilimsikia Concilie akisema, "Munaona, anakimbia."

Sikukimbia. Nilikwenda kumwita Apolline, muganga wa kituo cha afya. Tulipofika, machela ilikuwa imekwisha kuinuliwa.

"Wekeni chini," alisema Apolline. Akamshika Nizigama mkono, akamtazama macho. "Anakunywa pombe kali?"

"Mwanangu ni katekista," alisema Concilie.

"Sikuuliza kazi yake, Mama. Anakunywa dawa gani?"

Nizigama alikuwa amefumbua macho. Alinitazama mimi tu, akatikisa kichwa kidogo. Alinikumbusha kiapo.

Nikaingia ndani. Nikainua godoro, nikatoa karatasi tupu za vidonge, nikaziweka mbele ya wote.

"Hivi," nilisema. "Kila siku. Alinunua kwa muuza sabuni wa baiskeli, mpaka barabara ilipofungwa."

Apolline akazigeuza na kuzisoma. "Hii haiko sumu ya mke. Mwili wake ulizoea dawa hii. Sasa imekatika mara moja, njo maana anatetemeka na kuanguka. Mukimutapisha leo, anaweza kufa njiani."

"Dawa ya hospitali inamufanya muntu hivi?" aliuliza Ndihokubwayo. "Kama bangi?"

"Dawa iko na kipimo chake na siku zake. Muganga anakupatia kidogo, halafu anakukataza. Weye ukinunua kwa muntu wa baiskeli, nani atakukataza?"

"Basi ni mulafi tu. Aache."

"Si ulafi. Alikuwa hapati usingizi, akautafuta. Na asiache mara moja. Tutapunguza kidogo kidogo. Muntu wa pombe kali pia, wa siku zote, akitetemeka akiacha, mumulete kituoni. Na pombe juu ya vidonge hivi inaweza kumukatia pumzi."

Akatoa kidonge mkobani. Concilie akainuka.

"Ni kile kile. Na weye, huyu mwanamuke alikupatia nini ili useme hivi? Onja kwanza."

"Sionji," alisema Apolline. "Nikionja nitasinzia, na wagonjwa iko wananingoja."

Ndihokubwayo alicheka, kisha akaona aibu. Machela ikainuliwa tena, lakini ilielekea kituoni.

Apolline alivitunza vidonge mwenyewe. Nizigama aliporudi nyumbani, alikwenda kila siku kumeza mbele yake, kipimo kikipungua taratibu. Alipotaka kupunguza haraka, Apolline alimkataza. Alimkalisha pia, akamwacha aseme habari za wale aliowazika. Siku nyingine alisema. Siku nyingine alilia tu. Watu wengine wawili wa kijijini waliokuwa wakitetemeka hivyo, waliposikia habari yake, nao wakaenda kituoni bila kusubiri kuanguka.

Leo halali sana, lakini analala bila kidonge. Anashika kikombe bila kumwaga. Amerudi kufundisha, na mbele ya vijana hasemi tena kwamba vidonge vyake vilikuwa dawa tu.

Concilie hakuniambia kitu juu ya karuho. Badala yake aliwaita ndugu wa ukoo. Walikaa uani, na mtungi wa pombe haukuwapo, kwa sababu mimi ndiye niliyetakiwa kuuleta.

"Ulimuvua mwanangu nguo mbele ya watu," alisema. "Siri ya bwana yako uliitupa chini kama maganda. Leta pombe, piga magoti, uombe radhi."

Nilimtazama mume wangu. Aliangalia ardhi.

"Niliapa, na nilivunja kiapo," nilisema. "Ningekishika, leo mungekaa hapa kwa matanga, na minye sijui ningekuwa wapi. Pombe sileti. Magoti sipigi. Radhi siombi, Mama. Si leo, wala kesho."