Nguzo za Kibanda cha Kiilu

Kila asubuhi Nzilani alimtoa mama mkwe wake nje akaote jua. Waliishi katika mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, pamoja na Koki, binti wa Nzilani, katika nyumba yenye ua mdogo nyuma. Uani palikuwa na kibanda cha mbao: nguzo nne, fito za juu na benchi. Mpasheni ulitambaa juu yake ukaleta kivuli. Kibanda hicho kilijengwa na Kiilu, mume wa Nzilani, aliyekuwa mchonga vinyago. Hakukifaidi sana. Ugonjwa wa kifua ulimwua mwaka uliofuata.

Nzilani alikitunza kibanda kama mtoto. Kila Krismasi alikipaka rangi ya kijani. Nguzo zikang'aa, majirani wakasifu.

Mama mkwe, Syombua, alikipenda kuliko wote. Ndani ya nyumba alikuwa kimya. Kibandani alizungumza na mwanawe kana kwamba yupo.

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua kubwa, Syombua alishika nguzo ili ainuke. Nguzo ikakatika pale ilipoingia ardhini. Fito zikamwangukia, mpasheni juu yake. Nzilani alisikia kishindo akiwa jikoni, akatoka mbio.

"Mwaitu! Mama!"

"Nyonga yangu," mama akasema kwa sauti ndogo. "Usinivute, mwanangu."

Alilazwa hospitalini majuma mengi. Aliporudi, hakutembea tena.

Siku hiyo Nzilani alichukua shoka akaenda uani. Jirani yake, Wacuka, alimwona kutoka ng'ambo ya ua. Wacuka alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, akitia dawa nguzo za kujengea.

"Mama Koki, unafanya nini?"

"Nakipasua chote kiwe kuni."

"Usizipikie hizo. Moshi wa mbao iliyopakwa rangi ni sumu."

Nzilani akatupa shoka chini. "Wacuka, mimi nilikipaka rangi kila mwaka! Kimeozaje?"

Wacuka alizunguka akaingia uani. Akaokota msumari, akausukuma kwenye nguzo nyingine, karibu na ardhi. Msumari ulizama kama kwenye mkate. Alipouchomoa, maji yalitiririka.

"Mbao zilisimamishwa zikiwa mbichi," akasema. "Rangi ikayafungia maji ndani. Tena nguzo zimechimbiwa kwenye udongo, nao una maji na mchwa. Rangi haiponyi mti uliooza. Inauficha tu."

Nzilani aliketi palepale kwenye matope. "Basi mimi ndiye niliyemvunja mama."

Wacuka alichuchumaa kando yake.

"Hukujua. Hata Kiilu hakujua. Yeye alichonga vinyago vya kuwekwa ndani ya nyumba. Vinyago havinyeshewi."

Dirisha la chumba cha Syombua lilikuwa wazi. Mama alikuwa amesikia yote.

"Nzilani," akaita. "Usikichome. Kivuli hicho ndicho alichoniachia mwanangu."

Basi Nzilani na Wacuka wakangoja mvua ipite. Wakakibomoa kibanda polepole. Nguzo mbili zilikuwa zimeoza kabisa. Mbili zilikuwa nzima kuanzia magotini kwenda juu. Nzilani alizikata kwa msumeno hadi alipofika kwenye mti mkavu, mgumu. Alikata huku akifuta machozi.

Wakapata mbao mpya, wakazipanga juu ya mawe chini ya mabati, upepo upite katikati hadi zikauke. Wakakwangua rangi yote ya zamani, wakasugua kwa msasa. Wacuka akaleta dawa ya mbao.

"Vaa glavu. Koki asikaribie," akasema. "Chovya ncha kwanza, ziloe vizuri. Mti hunywa maji kwa ncha zake."

Dawa ilipokauka, walipaka rangi ya msingi, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Kila mara walingoja ya kwanza ikauke.

"Mbona nguzo hatuzichimbii?" Nzilani akauliza.

"Tutamwaga simiti, tusimamishe vyuma ndani yake. Nguzo tutazifunga kwenye vyuma, zisiguse ardhi. Na juu ya simiti tutaweka mteremko, maji yasituame."

Zile mbili za Kiilu zilikuwa fupi sasa. Wakazisimamisha upande wa ukutani, wakainua simiti yake hadi zikalingana na nyingine.

"Kila kiangazi, zichome kwa msumari," Wacuka akasema. "Ukiona rangi imepasuka, kwangua kwanza, ndipo upake."

Syombua alibebwa kwenye kiti hadi kibandani. Aliongea na mwanawe kwa majuma machache. Mnamo Novemba alifariki, kitandani mwake.

Jioni majirani walikuja kuomba pamoja na Nzilani. Nyumba haikutosha. Adhiambo, wa nyumba ya tatu, alileta turubai, akalifunga kwenye nguzo za kibanda, wanawake wakaketi chini yake. Mvua ikaanza. Upepo ukalivuta turubai, kamba zikakazika hadi zikalia.

Nzilani alisimama mlangoni akizikodolea macho zile nguzo. Hazikutikisika.

Ndipo akatoka, akaketi kati ya wenzake, akamlilia mama yake.