Kifo cha Mseja wa Makulungu

Mseja wa Taifa alikuwa amelala kifudifudi sebuleni kwake, kisogo kimepasuka, kufuli mkononi. Pembeni yake kulikuwa na mchi wa kinu wenye damu.

Inspekta Anyitike alimtazama, roho ikamuuma. Nani nchi hii hakumjua Batholomeo Matonya, mchekeshaji wa televisheni aliyeitwa Mseja wa Taifa? Miaka yote alichekesha watu kwa kisa kilekile: mwanamume anayetafuta mke na hapati. Anyitike mwenyewe alishacheka hadi mbavu zikamuuma. Na hapa Makulungu, kijijini kwao, mwendo mfupi tu kutoka Dodoma mjini, ndiye aliyechimba kisima na kujenga zahanati. Uani watu walilia kama waliofiwa na baba.

"Nani aliyemkuta?" aliuliza alipotoka uani.

"Mimi, afande," alijibu Cornel, dereva wa marehemu. "Nilikuja asubuhi kumchukua. Mlango ulikuwa wazi."

"Aliishi na nani?"

Cornel alimtupia jicho mwenyekiti wa kijiji, Mzee Daudi. Mzee akadakia, "Peke yake! Mseja yule, dunia nzima inajua."

Uongo mtupu! Anyitike alikuwa ameshakiona chumba cha nyuma. Komeo lilikuwa upande wa nje, dirisha limepigiliwa mbao, na ndani mlikuwa na kinu, kanga mbili na kitanda kilicholaliwa. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa bado humo, akinyunyiza unga wake.

"Chumba kile cha nani?"

"Stoo," alisema mwenyekiti.

"Stoo gani inalaliwa, mzee?"

Umati mzima ukatazama chini. Kila uso aliougeukia Anyitike ulikuwa umefungwa.

Polisi wakautoa mwili. Wanawake wakausogelea, yowe juu ya yowe. Mmoja tu, Mama Tereza, mpishi wa marehemu, aliruka pembeni ya njia, akageuka nyuma na kujifunika kanga usoni hadi machela ilipopita.

Lo! Anyitike alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na mambo ya wakwe kukwepana alizaliwa akayakuta. Kwao mke humkimbia baba mkwe. Huku Ugogo, alishaona mara nyingi mama akimpisha hivyohivyo mume wa binti yake.

"Cornel, huyu mama alikuwa akiingia ndani kupika?"

"Hapana, afande. Alipika kwake. Chakula alikiacha mlangoni, anaondoka. Sijawahi kuwaona wakisalimiana ana kwa ana."

Anyitike akamfuata Tereza hadi kwake, nyumba ya pili. Mzee Daudi na Cornel wakaja nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mpishi hamkimbii bosi wake, mama. Anayekimbia ni mkwe. Binti yako yuko wapi?"

Tereza akasimama mlangoni, akaishika miimo yote miwili.

"Nimemuua mimi. Nifunge."

"Ulimpigia wapi?"

"Ndani kwake. Kisogoni."

"Mama jamani! Hata mwili wake umeshindwa kuutazama. Uliwezaje kuingia anakolala ukamsogelea kiasi hicho?"

Tereza akazidi kuikaza mikono yake mlangoni. Machozi yakamshuka. "Mwache mwanangu," alisema. "Amefungwa vya kutosha."

"Mama, sogea."

Sauti ilitoka ndani. Akajitokeza mwanamke kijana, amepauka, akikinga macho yake na jua. Jina lake Paulina.

"Si lazima uzungumze," Anyitike alimwonya. "Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Nimenyamaza miaka mitano, afande. Alinitolea mahari kimyakimya. Akasema watu wakijua ana mke, nani tena atacheka? Nivumilie kidogo tu. Mara akaweka kufuli."

"Hukupiga kelele?"

"Nilipiga. Mwenyekiti akaja dirishani. Akaniambia, 'Binti, huyu akikasirika kisima kitafungwa, tutakunywa nini?' Kesho yake wakapigilia mbao."

Anyitike alimgeukia Mzee Daudi. "Na wewe utapanda gari, mzee."

"Afande, mimi niliwafikiria watu wangu..."

"Panda gari!"

Akamrudia Paulina. "Jana ilikuwaje?"

"Nilikuwa natwanga karanga. Nikamwomba anitoe nje, uani, nikaanike kanga tu. Akacheka, kile kicheko chake cha kwenye televisheni. Akatoka na kufuli lake. Nikamfuata na mchi."

Tereza aliketi chini palepale mlangoni, akalia kwa sauti.

Anyitike alizitoa pingu. Zilimwia nzito. Alitamani mtu mwingine aifanye kazi hii, lakini sheria ilikuwa imembana kila upande.

"Afande," Paulina aliuliza, "huko mahabusu nitakaa peke yangu?"

"Hapana. Mtakuwa wengi."

"Wanaongea?"

"Usiku kucha."

"Basi twende," alisema Paulina, akanyoosha mikono yote miwili.