Glasi ya Bibi Yenye Kinundu

Aika ana miaka saba. Anaishi Tengeru, kwenye nyumba yenye tanuri uani.

Si tanuri la mikate. Ni tanuri la kuyeyusha kioo. Mama yake Aika anapuliza kioo, na hiyo ndiyo kazi yake.

Tanuri linanguruma mchana kutwa. Vuuum. Vuuum. Ndani yake chupa kuukuu zinayeyuka, zinakuwa nzito na laini kama asali. Lakini asali hii hairambwi. Ina moto kweli kweli.

Bibi naye anaishi hapo. Siku hizi macho ya Bibi hayaoni vizuri.

Lakini dole gumba lake linajua mambo mengi. Linajua ndizi ipi imeiva. Linajua gauni lipi ni la Jumapili. Na lilijua glasi ipi ni ya Bibi.

Glasi ya Bibi ilikuwa ya bluu. Ubavuni ilikuwa na kinundu kidogo kama punje ya harage.

Kila jioni Bibi aliweka gumba juu ya kinundu. Kisha alikunywa maziwa yake ya moto, glu, glu, glu, mpaka tone la mwisho.

Jumatatu Aika aliosha vyombo. Mikono ilijaa sabuni. Glasi ya bluu ikateleza.

Krach.

"Umejikata?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Lakini nimevunja glasi yako. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Usilie."

Aika alilia tu.

Jioni Mama alimpa Bibi glasi nyingine. Bibi akaipapasa. Huku laini. Huku laini. Gumba likazunguka, likatafuta, likakosa.

Bibi akairudisha mezani. "Leo sina hamu ya maziwa," alisema.

Jumanne hakuwa na hamu. Jumatano pia. Maziwa yalipoa, yakafanya utando juu. Aika aliyaangalia, na moyo ukamuuma.

Alhamisi Aika alitoka shule na kwenda moja kwa moja uani. Mkononi alibeba kopo. Ndani ya kopo kulikuwa na vipande vya bluu. Alikuwa ameviweka vyote.

"Mama, nataka kumtengenezea Bibi glasi. Yenye kinundu."

"Kioo kina moto, Aika. Tena kina maringo."

"Najua, Mama. Lakini nataka."

Mama akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akaenda kutafuta miwani ndogo na glavu ndogo.

Mama alivunja vile vipande kwa nyundo, vikawa vidogo kama chumvi ya mawe. Ko, ko, ko.

"Glasi hii ilitoka kwenye tanuri letu," Mama alisema. "Sasa inarudi nyumbani. Vipande vyake vinatosha mara tatu tu."

Mama akachukua bomba refu la chuma. Akachovya ncha yake tanurini. Akatoa donge la kioo linalong'aa, rangi ya chungwa. Akalibingirisha juu ya vipande vya bluu, vikanata.

"Sikiliza," Mama alisema. "Ukiacha kuzungusha, kioo kinaanguka. Ukipuliza kwa nguvu, kinapasuka. Kwa hiyo tunafanya hivi."

Zungusha, zungusha, mkono usilale.
Puliza kidogo. Fuuu.

Aika akakaa kwenye benchi. Akashika bomba kwa mikono miwili. Mama alikuwa karibu kabisa.

Zungusha, zungusha, mkono usilale.

"Hodi," mtu akaita.

Alikuwa Mzee Kaanaeli. Yeye huleta chupa tupu kwa mkokoteni.

Aika ni mtoto mwenye adabu. Akasimamisha mikono, akageuka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mjukuu."

Ploo.

Kioo kikaanguka upande. Kikaning'inia kama sikio la mbuzi.

Wewe unacheka? Na wewe ungeacha kumwamkia mtu mzima?

"Nimewaharibia," Mzee Kaanaeli alisema.

"Hapana, Mzee," Mama alisema. Kisha akamwambia Aika, "Mwanangu, mdomo uamkie. Mkono uendelee."

Aika alifuta pua. Akakunja mikono ya shati.

"Naanza tena," alisema.

"Kesho," Mama alisema. "Leo umechoka."

Ijumaa ikafika. Vuuum, likanguruma tanuri.

Zungusha, zungusha, mkono usilale.
Puliza kidogo. Fuuu.

Mama alizungusha, Aika akapuliza. Tumbo la glasi likavimba polepole.

Mama akakunja gazeti lililolowa maji, akalikandamiza kwenye kioo. Chwiiii. Moshi ukapanda. Glasi ikawa mviringo mzuri.

Kisha Mama akadondosha tone la kioo cha moto ubavuni. Hicho ndicho kinundu.

Mwishoni aligonga bomba. Tik. Glasi ikaachia. Akaiweka haraka kwenye sanduku la kupozea, sanduku lenye joto ndani.

"Sasa inalala," Mama alisema. "Ikipoa haraka, inapasuka. Tutaitoa kesho."

Kesho. Aika alifikiria maziwa ya Bibi ya leo.

Mama akaenda dukani kununua sukari. Aika akabaki na sanduku.

Nitafungua kidogo tu, alijiambia. Niione tu.

Akavaa glavu. Akafungua mlango kidogo. Upepo wa baridi ukaingia.

Ting.

Glasi ikapata ufa, kutoka mdomoni hadi chini.

Mama aliporudi, Aika alikuwa amekaa chini.

"Mama, nimefungua sanduku. Glasi imepasuka. Ni mimi."

Mama hakugomba. Alikaa chini pia, na sukari yake.

"Nilipokuwa najifunza," alisema, "na mimi nilifungua sanduku. Mara nne."

"Mara nne?"

"Nne. Unajua kile kinundu cha Bibi kilitoka wapi?"

Aika alitikisa kichwa.

"Ile ilikuwa glasi yangu ya kwanza. Tone la kioo liliniponyoka, likaanguka ubavuni. Nililia. Nilitaka kuitupa. Bibi yako akaichukua, akaweka gumba hapo. Akasema, 'Hii ni yangu. Asinywee mtu mwingine.'"

Aika alichungulia ndani ya kopo. Vipande vilibaki vya mara moja tu.

Akafuta pua. Akakunja mikono ya shati.

"Naanza tena," alisema.

Jumamosi, Aika aliamka kabla ya kuku. Alivaa miwani hata kabla ya kunywa chai.

Vuuum, likanguruma tanuri. Mama akabingirisha donge juu ya vipande vya mwisho. Kopo likawa tupu. Aika akashika bomba, akiwa ameuma meno.

Zungusha, zungusha, mkono usilale.

"Hodi," mtu akaita.

Aika hakugeuka. Macho yalibaki kwenye kioo. Mikono ilibaki kwenye bomba.

"Shikamoo, Mzee Kaanaeli."

Zungusha, zungusha.

"Marahaba, fundi," alijibu Mzee Kaanaeli. Akaegesha mkokoteni taratibu, akasubiri nje.

Puliza kidogo. Fuuu.
Gazeti lililolowa. Chwiiii.

Mama akadondosha tone ubavuni. Kinundu kikakaa pale pale.

"Mama," Aika alisema, "weka na kingine. Kidogo zaidi. Chini ya hicho."

"Cha nini?"

"Utaona."

Mama akaweka. Tik. Glasi ikaachia, ikaingia sandukuni.

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Aika alipita mbele ya sanduku. Akapita tena. Akakalia mikono yake miwili ili isifungue kitu.

Jioni Bibi hakuwa na hamu ya maziwa.

"Subiri kesho, Bibi," Aika alisema.

Kabla ya kwenda kulala alisogea karibu na sanduku. "Lala, glasi," alinong'ona. "Na mimi nalala."

Jumapili, baada ya kanisa, Mama alifungua sanduku. Lilikuwa limepoa kabisa.

Glasi ilikuwa nzima. Ilikuwa ya bluu. Ilikuwa imeinama kidogo upande mmoja, lakini ilisimama.

Aika aliishika kwa mikono miwili, mikavu, bila sabuni hata kidogo.

Jioni akaijaza maziwa ya moto. Akaiweka mbele ya Bibi.

Bibi akaipapasa. Huku laini. Huku laini. Gumba likazunguka, likatafuta.

Likasimama.

"Hii ni yangu," Bibi alisema.

Akanywa, glu, glu, glu. Kisha kidole chake kikashuka kidogo. Akashangaa.

"Na hiki kidogo je? Gumba langu halikai vizuri hapa."

"Hicho ni cha gumba langu, Bibi," Aika alisema. "Nimekuwekea wewe kimoja, na mimi kimoja."

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamvuta Aika, akampakata.

Gumba kubwa likakaa juu. Gumba dogo likakaa chini. Glasi moja, wakainywea wawili, mpaka tone la mwisho.

Uani tanuri lilinguruma polepole. Vuuum. Vuuum. Kichwa cha Aika kikainama kwenye kifua cha Bibi, na macho yakajifumba.

Bibi akaichukua glasi tupu mkononi mwa Aika, akamlaza mjukuu wake. Akaiweka juu kabisa ya kabati, mbali na sabuni.