Mguu wa Mwasiti

Mtambo wa Mfumamfupa ulifanya kazi bila kelele. Sindano zake, nyembamba kuliko unywele, zilipenya ndani ya muundi wa Mwasiti na kuanza kufuma mfupa mpya pale ulipovunjika, uzi juu ya uzi. Picha ya mguu ilielea hewani juu ya kitanda, ikionyesha ufa ukizibika polepole, na mwenye mguu alikuwa amelala akitafuna karanga.

"Huumii?" mama yake aliuliza.

"Natekenyeka tu, mama."

Mwasiti alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, fahari ya jiji la Itanana. Alikuwa ameanguka mazoezini, mashindano ya taifa yakiwa yamekaribia. Mama yake, Zawena Mkumbo, alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari, na mbele ya mtambo kama ule hakuweza kunyamaza. Ubavuni mwa mtambo huo kulikuwa na kioo kilichoonyesha jedwali la elementi, na vyumba vya jedwali hilo viliwaka na kuzimika kadiri mtambo ulivyochota malighafi.

"Unaona? Hawachimbi tena madini," alisema. "Wanaulisha vifusi na vyuma chakavu, unavisaga mpaka chembe ya mwisho, halafu akili mnemba inapanga kila elementi mahali pake. Zimefuatana kwa idadi ya protoni, lakini utamu wa jedwali uko kwenye safu za wima. Zilizo safu moja zina elektroni za nje sawa kwa idadi, kwa hiyo tabia zao zinafanana. Sodiamu inachachamaa ikigusa maji. Potasiamu iko chini yake, nayo inachachamaa, tena zaidi. Ukiifahamu moja, umeshawafahamu ndugu zake."

"Na mimi natiwa ipi?"

"Kalsiamu. Na stronti kidogo, ya kuukaza mfupa. Inakaa chini ya kalsiamu kwenye safu hiyohiyo. Mfupa unaipokea bila kuuliza."

Mwasiti alicheka, akamwambia mama yake kwamba hata hospitali amegeuza darasa.

Mfupa ulipona kabla wiki haijaisha. Alikimbia, akashinda, jiji likampokea kwa vigelegele. Mwaka uliofuata alianza kuchoka. Mwanzoni kocha alidhani ni uvivu. Kisha pua ikawa inatoka damu, na michubuko ikajaa mapajani bila yeye kujigonga popote. Madaktari walisema ni saratani ya damu. Walisema pia kwamba ni bahati mbaya, inaweza kumpata yeyote.

Alasiri moja Mhandisi Kitundu aligonga mlango. Zawena alimfundisha kijana huyo miaka ya nyuma, na sasa alikuwa miongoni mwa wanaosimamia mitambo ya hospitali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Pita. Mgonjwa huyo hapo kwenye kochi."

Kitundu alikaa ukingoni mwa kiti. Chai aliyopewa hakuigusa.

"Mwalimu, akili mnemba ya Mfumamfupa inatazama elektroni za nje tu," alisema. "Inauliza elementi inashikamana vipi na nyingine, basi. Haitazami kiini."

Zawena aliliweka birika chini. Alikuwa ameshaelewa, lakini alimwacha aendelee.

"Kuna stronti ya kawaida, haina neno. Na kuna ile ambayo kiini chake kinatoa miale ya kuleta saratani, waliyokuwa wakiitia kwenye betri za vituo vya zamani vya hali ya hewa. Kwenye jedwali zote zinakaa chumba kimoja. Nadhani betri hizo ziliingia kwenye vyuma chakavu."

"Unadhani?"

"Nimewaambia wenye mtambo. Wanataka ushahidi. Miale yake inaishia ndani ya mwili, vipimo vya nje havioni kitu. Kwenye mkojo inatoka kidogo mno, wanasema hilo limetoka kwenye vumbi la mtaani. Kinatakiwa kipande cha mfupa wenyewe. Na mfupa uliofumwa hautobolewi, Mwalimu. Ukiugusa, unafumuka wote."

"Umekuja kuniomba mguu wa mwanangu." Zawena alisimama. "Toka nyumbani kwangu, Kitundu."

"Mama, ngoja," Mwasiti alisema kutoka kwenye kochi. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kaka, wako wangapi waliofumwa kama mimi?"

"Mamia. Wazee wengi. Watoto pia."

"Na mtambo umezimwa?"

"Hapana. Hata asubuhi ya leo umefuma watu."

"Mguu ukikatwa, nitapona?"

Kitundu alimtazama Zawena kana kwamba anaomba ruhusa. Zawena aligeukia ukuta.

"Hapana, mdogo wangu. Kwako ugonjwa umeshaingia kwenye damu. Lakini wengine bado wangewahiwa."

Mwasiti aligeukia dirisha. Nje, roboti mfagiaji alipita akikwangua barabara, akatokomea.

"Basi wakate."

"Mwasiti!" Zawena alipiga magoti mbele yake, akaukumbatia mguu ule kwa mikono miwili. "Mguu huu, mwanangu? Huu uliokupeleka kote kule?"

"Hata chooni nashikwa mkono, mama. Unanifaa nini?" Ndipo naye akaanza kulia, kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa akilia utotoni. "Usiushike hivyo. Unanitia uoga."

Walimkata mguu chini ya goti. Kitundu aliubeba mfupa mwenyewe hadi maabara ya chuo, na majibu yalipotoka hakuna aliyeweza kubisha. Mtambo ulizimwa siku ileile. Watu wakaanza kuitwa, mmoja mmoja. Waliokuwa wamefumwa mifupa ya mikono na miguu walikatwa mikono na miguu hiyo. Wengi walikutwa damu yao ingali salama.

Zawena alirudi kazini kwa kipindi kimoja tu. Alipofika kwenye safu ya pili, mwanafunzi wa kike aliuliza, "Mwalimu, hivi stronti ni mbaya?" Alitaka kumjibu kwamba elementi haina ubaya, kwamba jedwali halikusema uongo, lilijibu lile tu lililoulizwa. Yote hayo aliyajua. Badala yake alifunga kitabu. Alitoka darasani, akaenda kukaa na binti yake, na hakumwacha tena.

Mwasiti alifariki mwanzoni mwa masika.

Siku ya mazishi, wanaume walipolinyanyua jeneza na kuanza kwenda makaburini mwendo wa haraka, kama ilivyo desturi, Zawena alisikia nyuma yake sauti asiyoijua. Ilikuwa ni ngo, ngo, ngo ya magongo juu ya lami. Akageuka. Barabara ilikuwa imejaa watu. Wazee wenye magongo, mwanamke ambaye mguu mmoja wa suruali yake ulikunjwa hadi pajani, baba aliyembeba mtoto mgongoni, mguu mmoja tu wa mtoto ukining'inia. Hakumfahamu hata mmoja. Walijitahidi kulifuata jeneza, jasho likiwatiririka, na jeneza lilizidi kuwaacha.

Kitundu alikuwa miongoni mwa wabebaji. Zawena alimfikia, akamshika bega.

"Punguzeni mwendo," alisema. "Hawa ni wake. Wasubirini."

Jeneza likasimama katikati ya barabara, mabegani mwa watu, mpaka wa mwisho wao alipofika.