Nyumba Isiyojua Kusitiri

Kipuli kilianguka nyuma ya kabati la vyombo asubuhi ile ya Jumamosi, na aliyekiona kikianguka ni nyumba peke yake. Kalunde Mihayo hakujisumbua kuinama. Alisema tu, "Mwekaji, kipuli changu," akaendelea kufunga kilemba mbele ya kioo. Juu ya kichwa chake mkono mwembamba mweupe uliteleza kwenye reli ya dari, ukakunjua viungo vyake kimoja baada ya kingine, ukapenya nyuma ya kabati, ukarudi umeshika kipuli kwa vidole viwili vya mpira. Kilikuwa kimeshafutwa vumbi.

Mwekaji alikuwa kazi ya Kalunde mwenyewe. Kila kitu kilichoingia katika nyumba ile, kuanzia sofa hadi sindano, kilinyunyiziwa mlangoni punje sikivu, chembe ndogo kuliko unga wa muhogo, ambazo hazikuonekana kwa macho wala hazikutoka kwa kufuliwa. Punje hizo zilihisi joto, uzito, unyevu na harufu, zikaipasha habari akili unde ya nyumba, nayo ikajua saa zote kila kitu kiko wapi na kimeshikwa na nani. Yaliyobaki yalifanywa na mikono ya dari: ilikunja, ilipanga, ilirudisha mahali pake. Kalunde alikuwa amekulia katika nyumba ya watoto wengi, nyumba ambayo kiatu kimoja kiliweza kutafutwa na ukoo mzima huku kengele ya shule ikilia. Alipokuwa mhandisi aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayetafuta kiatu.

Tabora ya miaka hiyo ilikuwa imepanda juu kwa maghorofa. Treni za sumaku zilishusha wahamiaji kutwa kucha, vyumba vikazidi kuwa finyu na mali za watu zikazidi kuwa nyingi. Shirika moja la makazi lilikuwa likijenga mtaa mpya pembezoni mwa jiji, nalo lilitaka kila nyumba ya mtaa huo iwe na Mwekaji. Kalunde alikuwa ameshasaini mkataba. Kilichosubiriwa ni wakubwa wa shirika waje waone kwa macho yao, na siku yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo.

Humo nyumbani aliishi pia mama mkwe wake, Bi Nyamizi. Enzi za ujana wake alikuwa mkuu wa stesheni, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho pale Tabora, na hata uzeeni alivaa kama mtu anayengoja kukaguliwa: gauni lililonyooshwa, viatu vinavyong'aa. Alihamia kwa mwanawe, Kapilima, baada ya magoti yake kushindwa na ngazi. Alipohamia alitoa sharti moja tu, kwamba mikono ya dari isiingie chumbani kwake. Kalunde alikubali, akaikomesha reli kwenye kizingiti cha mlango wa mama mkwe. Punje sikivu hakuziondoa. Aliona hazimsumbui mtu.

Kila siku mchana Bi Nyamizi alitembelewa na Bi Tausi, somo yake tangu usichana, aliyekaa mtaa wa pili katika nyumba ya zamani ya matofali. Bi Tausi aliingia na kikapu cha ukindu, wakajifungia chumbani, wakacheka, kisha akaondoka na kikapu chake. Na kwa wiki kadhaa, kila asubuhi Mwekaji alipotoa taarifa ya vilivyotoka na vilivyorudi, alitaja kanga za Bi Nyamizi: zimetoka jana, zimerudi leo, nyingine zimetoka. Kalunde aliamua kwamba Bi Tausi anaazima nguo za mwenzake bila haya, au anafanya kibaya zaidi. Hakumuuliza mtu. Alinuna kimoyomoyo tu, kama watu wanavyonuna na shughuli zao zikiendelea.

Wageni walifika watano wakiongozwa na mkurugenzi wa shirika, Bwana Shomvi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Pamoja nao walikuja majirani wawili watatu waliotaka kuona. Kalunde aliwakaribisha, akawapa chai ya tangawizi na visheti, akaanza maonyesho. Mikono ilileta mkasi, ikaleta pasi ya kusafiria, ikaleta kijiko ambacho jirani mmoja alikificha kusudi chini ya mto wa kiti. Watu waliguna kwa kuridhika. Bwana Shomvi akaweka kikombe chini, akauliza kama Mwekaji anaweza kujua kitu ambacho mwenye nyumba mwenyewe hajui kimekwenda wapi.

Wakati huohuo mlango wa chumba cha Bi Nyamizi ulifunguka, Bi Tausi akatoka na kikapu mkononi. Aliwaamkia wageni kwa kichwa na kupita kandokando ya ukuta, akielekea nje.

Baadaye Kalunde alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumwacha apite. Jibu lilikuwa jepesi na lilimuuma: alitaka kusifiwa, na hasira yake ya wiki kadhaa ilikuwa imepata mwanya. Alitabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwekaji, kanga za Bi Nyamizi zinazotoka ziko wapi?"

"Kanga mbili za Bi Nyamizi zimo katika kikapu kilicho mlangoni," nyumba ikajibu. "Kimeshikwa na Bi Tausi."

Jirani mmoja akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Bi Tausi alisimama akiwa amewapa mgongo, na alipogeuka uso wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi.

"Ni kweli nimezichukua," alisema. "Ni tamaa tu, mwanangu. Nisamehe. Niache niende, kesho nitazileta."

Mmoja wa wageni akacheka, akasema kumbe chombo hiki kinakamata hata wezi, na Bwana Shomvi akatikisa kichwa kwa mshangao wa kupendezwa. Maneno hayo yalimlevya Kalunde. Alimwona Bi Tausi akikumbatia kikapu kifuani kama mtu anayekinga mtoto na mvua, akaona ni ukaidi wa mwizi. Akatoa amri: "Mwekaji, rudisha mahali pake."

Mkono ukashuka kutoka darini. Bi Tausi alirudi nyuma hatua moja, lakini alikuwa mzee na mkono ulikuwa mwepesi. Ukazitoa kanga zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukaufungua mfuko kama ulivyofundishwa kufanya kabla ya kuweka nguo kabatini, kisha ukasita hewani.

"Kanga hizi zimelowa mkojo," nyumba ilisema kwa sauti ileile iliyoitumia kwa kijiko. "Haziwezi kuwekwa kabatini. Zinapelekwa kwa nguo chafu. Godoro na mashuka ya chumba cha Bi Nyamizi navyo vinahitaji kukaguliwa."

Bi Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alikuwa amevaa gauni la kijani na mkufu, kwa kuwa Kalunde mwenyewe alimwomba asubuhi aje kuwasalimu wageni. Alitazama kanga zake zikipita juu ya vichwa vya watu zikidondosha matone, akashika kitasa na kuufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Bi Tausi aliweka kikapu kitupu sakafuni. Hakumtazama Kalunde. Alisema tu, "Nilishakwambia mimi ni mwizi. Ulitaka nini tena?" Kisha akaenda kugonga mlango wa somo yake.

Wageni hawakukaa sana. Kilichomfedhehesha Kalunde kuliko yote ni kwamba hawakuudhika. Bwana Shomvi alimpa mkono pale mlangoni, akamweleza kwa upole uleule kwamba jambo lile limemfungua macho: chombo kitakuwa msaada mkubwa kwa familia zenye wazee, maana wazee huficha maradhi yao. Alisema mikono itaanza kufungwa katika nyumba za mtaa mpya mwezi ujao. Kalunde alisikia mdomo wake ukisema asante.

Jioni hiyo Kapilima aliporudi kazini alikuta chumba cha mama yake hakina mtu. Bi Nyamizi alikuwa amekwenda kwa Bi Tausi na sanduku dogo, amemwachia mwanawe salamu asimfuate. Kalunde alimsimulia mumewe yote bila kujipunguzia.

"Mama alikuwa hataki nijue," Kapilima alisema. "Na mimi nisingetaka kujua namna hii." Hakumgombeza. Alikwenda kulala chumbani kwa mama yake, juu ya godoro tupu, na Kalunde akatamani bora angemgombeza.

Siku zilizofuata alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Aliwaandikia shirika akiwaomba wasimamishe kazi. Wakamjibu kwa heshima kwamba haki za chombo ni zao sasa. Aliomba basi Mwekaji afundishwe kunyamaza mbele za watu, wakakubali, wakamsifu kwa busara. Lakini alipokaa kuandika amri hiyo mpya hakuimaliza. Chombo kinachojua kikanyamaza bado kinajua, na siku moja kitaulizwa. Bi Tausi aliulizwa mbele ya umati, naye akachagua kuitwa mwizi. Hilo hakujua alifundishe vipi.

Nyumbani kwake alizima akili unde, akang'oa reli. Kisha akaenda kwa Bi Tausi, akapiga hodi.

Walimkaribisha. Hilo pia lilimchoma. Bi Nyamizi aliketi juu ya mkeka kwenye baraza ya ndani, amevaa kanga ya kawaida kwa mara ya kwanza tangu Kalunde amjue. Kalunde alipiga magoti, akaamkia, akaitikiwa. Alijaribu kuyasema aliyoyapanga njiani, akaishia kuinamisha kichwa.

"Sikukasirikii," mkwewe alimwambia. "Naona haya tu. Nimeongoza stesheni nzima, wanaume walikuwa wakinyoosha kofia zao nikipita. Leo nikikutazama, nazisikia zile kanga zikidondosha matone. Usinihimize kurudi."

"Nimeing'oa, mama. Nyumba haina kitu tena."

"Nyumba haina. Wewe unakumbuka, nami nakumbuka."

Kwa kuwa Kalunde hakujua afanye nini na mikono yake, aliinuka, akaenda uani, akakuta beseni lenye nguo zilizolowekwa. Akaketi kwenye kigoda akaanza kufua. Bi Tausi alimtazama kitambo, akamletea kipande kingine cha sabuni, akamwachia kazi. Tangu hapo Kalunde alikuja mara kwa mara. Alifua, akaanika, akaondoka. Hawakuzungumzia tena jambo lile.

Mtaa mpya ulijaa watu, na kila nyumba ilikuwa na mikono ya dari. Magazeti yaliandika kwamba hakuna tena anayepoteza kitu Tabora. Lakini kule kwa Bi Tausi Kalunde alianza kuona mabadiliko. Kwanza palikuwa na bahasha juu ya kabati. Kisha sanduku la kiatu lililofungwa kamba. Halafu mafurushi yakawa yanajaza chumba cha uani, mengine ya nguo, mengine magumu, kila moja na fundo lake. Watu wa mtaa mpya walikuwa wakiyaleta wenyewe kabla hayajavuka milango yao na kunyunyiziwa punje, wakiyaweka kwa wazee wawili walioishi katika nyumba isiyojua kitu. Mwenye dawa asizotaka mumewe azijue alizileta. Mwenye nguo za mtoto aliyefariki, ambazo Mwekaji angemshauri azitoe kwa kuwa hazivaliwi, alizileta pia. Bi Nyamizi ndiye aliyeyapokea na kuyatoa. Alikuwa amerudia kuvaa gauni lake la kijani, na magoti yake yalionekana kupata nguvu kidogo.

Mchana mmoja Kalunde alikuwa akikunja nguo chumbani mle. Mwanamke kijana akaingia kuchukua furushi lake, akamwona, akamtambua kwa picha zilizobandikwa katika mtaa mpya. Alisita, akalirudisha furushi nyuma ya mgongo wake, machozi yakaanza kumlengalenga. Hofu ile Kalunde aliijua. Aliwahi kuiona mara moja, kwa mwanamke mzee aliyekumbatia kikapu.

Alitaka kujieleza, kusema kwamba yeye siye tena yule. Lakini Bi Nyamizi, aliyesimama mlangoni, alimtangulia kusema kwa sauti yake ya stesheni, tulivu na isiyojadilika.

"Chukua mzigo wako, mwanangu. Huyu ni mkwe wangu. Haoni kitu."

Kalunde aligeuza uso ukutani, akabaki amesimama hivyo, mashavu yakimwaka, mpaka nyayo za yule mwanamke ziliposikika zikivuka ua na kutoka nje.