Bei ya Picha za Marehemu

Diski ilianza kuzunguka kabla fundi Koleo hajachomeka waya. Alidhani ni feni inayovuma, akaizima. Mvumo ukaendelea, na banda zima la ufundi likanuka udongo uliolowa.

"Nini tena hicho?" mteja wake, mshonaji mjane, akauliza kutoka kitini. Alikataa katakata kuondoka, asije akabadilishiwa vitu. Diski ilikuwa yake, ilimponyoka ikapiga sakafu, na humo ndimo zilimokuwa picha zote za marehemu mume wake. Hakuwa na nyingine. Alishaanza kuogopa kwamba ataisahau sura yake.

Mapema, alipotajiwa bei, alifyonza. "Hiyo ni ya kunitengenezea au ya kukujengea nyumba?"

"Dada yangu, kichwa cha kusomea kimevunjika. Lazima niiue diski nyingine nzima ya aina hiyohiyo ndiyo yako ipone."

"Maneno hayo. Tafuta ya rahisi."

Sasa mafundi nao, hawajui kutupa kitu! Zamani mganga mmoja alimletea Koleo diski ya aina hiyo, akamlipa aivunjevunje, akamwonya asiifungue kamwe. Koleo akaitikia sawa, sawa, kisha akaitia kwenye droo ya vipuri, maana spea kama ile haiokotwi. Asubuhi hiyo aling'oa kichwa chake, akakipachika kwenye diski ya mjane, na bei ikashuka nusu. Roho ilimsuta kidogo tu.

Sasa akachomeka waya, picha ya kwanza ikatokea kwenye skrini.

"Ndiye yeye," mshonaji akasema, machozi yakimtiririka. "Siku ya harusi yetu. Viatu vilimbana, akanuna mpaka jioni." Akacheka mwenyewe.

Ikaja ya pili. Aliitazama kwa muda. "Hapo ni kwetu. Au kwao, sijui."

Ndani ya diski kulikuwa na mlio mdogo, kama wa mtu anayetafuna polepole. Picha zikawa zinafunguka zenyewe.

"Fundi," mshonaji akanong'ona, "huyu mwanamume ni nani?"

Koleo akamwangalia kwa jicho la pembeni. Kumbe mwizi, akawaza, kaleta diski ya watu. "Dada, hii diski ni yako kweli?"

"Ni yangu. Ila huyu simjui."

Akageukia skrini amuumbue, na pale akamwona mshonaji huyuhuyu, na kovu lake la kidevuni, amejiegemeza begani kwa yule mwanamume, halafu picha nyingine, na nyingine, harufu ya udongo ikizidi na mlio wa kutafuna ukienda mbio, na kila picha iliyofunguka ilimwacha mwanamke aliye nyuma yake na macho matupu zaidi, mpaka onyo la mganga likamjia lote, kwamba kilichomo humla mtu kumbukumbu, akaung'oa waya kwa mikono miwili, na diski ikaendelea kuzunguka hivyohivyo bila umeme hadi ilipotoa picha ya mwisho. Kisha ikanyamaza yenyewe.

Picha zote zilikuwa zimepona.

Mshonaji alijifuta mashavu, akashangaa kuona vidole vimelowa. "Haya, nipe hesabu yangu niende."

Koleo hakuweza kumtazama usoni. "Sikudai kitu, dada. Nenda tu."

Mwanamke akakaa tena taratibu, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Bure?" akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna fundi wa bure. Niambie ukweli, umenichukulia nini?"