Breki Isiyohitaji Akili

Feni namba saba ilikuwa na mapanga manne mapana kama milango ya kabati, na ilizunguka kwa kasi hata jicho halikuona mapanga, liliona ukungu wa kijivu tu. Asteria Nkungu akakata umeme wake. Wageni wakahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kabla ya nne, feni ilikuwa imesimama tuli. Asteria akapitisha mkono katikati ya mapanga, akauacha humo, akawageukia.

"Anayetaka kuizungusha, karibu."

Mjumbe mmoja wa baraza la mji, bwana mwenye kifua kipana, akavua koti na kusukuma panga kwa mikono miwili mpaka miwani ikamteleza puani. Panga halikutikisika. Wenzake wakacheka, wakapiga makofi.

Ilikuwa Singida, mwaka 2096. Jengo walimosimama liliitwa Ukumbi wa Fikra. Ndani yake, akilimashine elfu tatu ziliongoza mabasi yasiyo na dereva, pampu za maji na vyombo-anga vilivyotua nje ya mji. Akilimashine hufikiri kwa umeme, na kufikiri kwake huzaa joto. Feni kumi na mbili ukutani zilikuwa na kazi moja tu, kulitoa joto hilo nje. Feni moja ikizimika, hugeuka tundu: zile zinazofanya kazi hunyonya hewa ya nje kupitia hapo, na mapanga yake huanza kuzunguka kinyumenyume. Ndiyo maana kila feni ilihitaji breki.

"Breki yangu haina waya wa ziada wala kompyuta," Asteria alieleza. "Umeme unapoingia kwenye mota, sumaku za mota huuvuta mhimili mbele kidogo, kama unene wa sarafu, na breki huachia. Umeme ukikatika, sumaku hulegea. Springi huurudisha mhimili nyuma, ukaingia kwenye kikombe cha raba ngumu, ukabanwa. Basi."

Dakta Elifasi Kisanga, mhandisi mkuu wa Ukumbi, alikuwa amekunja mikono. Feni nyingine kumi na moja zilitumia kizuizi-akili alichokibuni yeye mwenyewe: kifaa chenye vihisi, kompyuta ndogo na betri ya akiba.

"Bi Asteria, umefanya kazi safi," akasema. "Lakini mwaka huu wa tisini na sita unaniletea springi? Springi ilikuwa kwenye baiskeli ya babu yangu."

"Ilimwangusha?"

Watu wakacheka. Hata Elifasi akatabasamu, ingawa hakubadili msimamo. Kizuizi chake kilijipima chenyewe mara mia kwa sekunde. Hiki cha Asteria hakikujua hata kama kipo. Baraza likaamua suala lisubiri bajeti ya mwaka unaofuata, na breki moja ya majaribio ibaki kwenye feni namba saba.

Wiki tatu baadaye, Jumanne saa nane mchana, kebo kubwa ya ukuta wa mashariki iliungua. Feni nne, kuanzia namba sita hadi tisa, zikazimika kwa pamoja.

Asteria alifika mbio akiwa na mkanda wa vifaa kiunoni, akamkuta Elifasi ameshatangulia, kola imelowa jasho.

"Chombo-anga kinatua baada ya dakika ishirini na tano," Elifasi akasema. "Kina abiria sitini na mmoja. Ukumbi ukizidi nyuzi arobaini na tano, akilimashine za anga zitajizima."

"Sasa hivi ni ngapi?"

"Thelathini na nane." Akatazama saa yake. "Mama yangu yumo kwenye chombo hicho. Ana miaka themanini na mbili. Alitaka kuiona dunia kwa juu."

Feni zote nne zilikuwa zimesimama. Namba saba ilibanwa na springi, tatu nyingine na vizuizi-akili. Kazi ilikuwa kupitisha mkono kati ya mapanga ya kila feni, kuchomeka waya wa dharura nyuma ya kitovu chake, na kuiwasha upya. Asteria akaanza na saba. Elifasi akachutama mbele ya namba nane, akajaribu kupitisha mkono kati ya mapanga.

Asteria, ambaye hakuwahi kuziamini betri zile, akamdaka kola na kumvuta kwa nguvu, wakaanguka wote wawili chali.

"Una wazimu?" Elifasi akafoka. "Imesimama! Si unaona taa ya kijani?"

Taa ya kijani ikapepesa mara mbili, ikazimika. Betri ya akiba ilikuwa imechemka kwa joto la ukutani. Panga la namba nane likasogea polepole, kama mtu anayeamka, kisha likashika kasi na kuvuma mahali pale pale ulipokuwa mkono wake. Muda si muda namba sita na tisa nazo zikaachia. Hewa ya moto ikaanza kumiminika ndani.

Elifasi alitazama vidole vyake vya mkono wa kulia, kimoja kimoja.

"Fundi Ntandu Kidanka," akasema kwa sauti ndogo.

"Naam," Asteria akajibu. "Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Lakini tutaongea baadaye, Daktari. Chumba cha walinzi kuna magodoro?"

Yalikuwapo matatu. Asteria akamaliza namba saba kwa dakika mbili, ikanguruma na kuanza kutoa joto. Kwa zile tatu, mhandisi mkuu mwenye shahada mbili alilikumbatia godoro la sponji lenye maua mekundu, akalisukuma kwenye mapanga yanayozunguka huku amefumba macho. Godoro likapigwa, likachanika, sponji ikaruka kama popkoni. Mapanga yakazama ndani yake, yakakwama.

"Kaza, Daktari!"

"Nakaza! Linanirusha!"

"Liegemee kama mdeni anavyouegemea mlango mdai akibisha!"

Elifasi akaangua kicheko, naye akiegemea. Asteria akapitisha kamba, akafunga, akachomeka waya; kisha wakang'oa kamba na godoro, feni ikawashwa. Wakahamia ya pili, kisha ya tatu. Kipimajoto kilifika arobaini na nne, kikasita hapo muda mrefu, kikaanza kurudi.

Saa tisa kasoro kidogo simu ya Elifasi ikaita. "Elifasi mwanangu," mama yake akasema, "tumetua kama yai kwenye pamba. Wewe mbona unahema hivyo?"

Siku iliyofuata, Elifasi alifungua kumbukumbu za miaka mitano nyuma. Fundi Ntandu Kidanka alikuwa amepoteza vidole vitatu kwenye feni namba nne. Alisema feni ilikuwa imesimama. Kompyuta ya kizuizi haikuonyesha hitilafu yoyote, kwa kuwa ilikufa pamoja na betri yake, na kilichokufa hakishuhudii. Ripoti ikaandika "uzembe wa fundi". Ntandu akaachishwa kazi. Chini ya ripoti palikuwa na sahihi ya Elifasi.

Breki za Asteria zilifungwa kwenye feni zote kabla ya mwezi kwisha, bila kusubiri bajeti. Jumamosi moja, Elifasi na Asteria walikwenda Kindai, ambako Ntandu alikuwa akifuga nyuki. Walimkuta akipakua asali, mkono wa kushoto ukifanya kazi ya miwili. Aliwakaribisha, akawapa viti na sahani ya masega, akawauliza habari za nyumbani kana kwamba hakuna lililowahi kutokea.

Elifasi hakugusa asali. Alisimama, akatoa karatasi yenye muhuri wa baraza, akasoma. Alisoma kwa sauti ndogo, nayo ikazidi kushuka alipofika kwenye jina lake mwenyewe.

"...Feni iliachiwa na kizuizi chenye kasoro. Fundi alifuata taratibu zote. Hakuwa na kosa."

Mke wa Ntandu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Ntandu aliilamba asali iliyobaki kidoleni, akafuta mkono kwa kitambaa, taratibu. Kisha akamwita mkewe aketi kando yake, akamgeukia Elifasi huku tabasamu likianza kumtoka.

"Daktari," akasema, "huyu amesikia mwisho tu. Soma tena tangu mwanzo. Na safari hii, kwa sauti. Majirani wapo."